Kumuaga Daktari wa Puto

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Mkuu wa Idara, waheshimiwa madaktari, wauguzi wa chumba cha vipimo, mama, mke wa mzee wetu anayestaafu leo, ndugu wageni waalikwa: salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi cherehani. Kwenye ratiba nimewekwa katikati ya maprofesa wawili, kwa hiyo nitasema upesi kabla hawajashtuka.

Ninyi mnamjua mzee huyu kwa utafiti wake wa maumivu ya utumbo. Sisi aliotupima tunamwita Daktari Puto. Alikuwa na mrija mwembamba wenye kiputo laini mwishoni, nao ulipita njia ambayo heshima ya mkutano huu hainiruhusu kuitaja. Kiputo kikishafika ndani, alikijaza hewa kidogo kidogo, na wewe uliyelala pale umeshika kitufe. Ikianza kuuma unabonyeza, naye anaacha hapo hapo.

Nilifikaje pale? Tumbo lilikuwa limenitesa miaka. Picha zilipigwa, damu ikachukuliwa, kila mara naambiwa ni mzima. Kazini, msimamizi alisema tumbo langu linazijua vizuri siku za kazi nyingi. Nyumbani, mume wangu, yule pale mstari wa pili ambaye ameshaanza kuangalia viatu vyake, alichoka kabisa. "Hayo ni maigizo," alisema. "Mwezi ujao nakurudisha kwenu, ukaumwe huko." Ndugu zangu, mnajua uchungu wa kurudishwa kwenu kwa kosa la kuumwa? Niliogopa kuliko nilivyoliogopa tumbo lenyewe.

Sasa, Daktari alihitaji na watu wasioumwa, awalinganishe na sisi. Mume wangu akajitolea haraka sana. Alitaka kuniumbua.

Tulielezwa mapema kwamba kuna wakati Daktari atasema "naongeza" na asiongeze chochote, ila hatutajua ni lini. Nikaanza mimi. Hewa kidogo tu, nikabonyeza. Tulipopumzika akasema tena, "Naongeza." Nikasubiri, nikasubiri, nikamwambia, "Daktari, hapo hujaweka kitu." Kweli hakuwa ameweka.

Akaingia bwana. Haya ninayoyasema kanisimulia mwenyewe, na leo asubuhi ameniruhusu kuyatoa hadharani. Kwa hewa ile ile iliyoniliza mimi, yeye alikuwa anapiga soga za mpira na muuguzi. Kisha Daktari akasema, "Naongeza," na asiongeze hata chembe. Bwana akabonyeza kitufe kama mtu anayeita lifti, jasho linamtoka.

Daktari alipotuita wote wawili hakucheka. Alimwambia, "Hujadanganya, ndugu yangu. Hofu nayo hufika tumboni, na umeumia kweli. Sasa kama wewe uliyeumia bila hewa nakuamini, huyu aliyeumia kwa hewa tumfanyeje?"

Tulipokuwa tunashuka ngazi mume wangu alinipokea mkoba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu uchumba. "Ile habari ya kwenu," akasema, "tuiache." Tukaiacha. Tumbo halijapona, nisiwadanganye. Linakuja na kuondoka. Lakini likija, ni yeye anayenichemshia maji ya kujikanda.

Mzee wetu, ndoa yangu ipo, na wewe unajua mchango wako. Nakushukuru sana, na mama hapa namwombea uvumilivu, maana sasa atakuwa na wewe nyumbani kutwa nzima.

Nanyi madaktari vijana mnaorithi chumba kile, mitambo mtaachiwa na mrija mtaachiwa. Mimi nawaomba jambo moja tu. Wote walionipokea kabla yake waliniuliza, "Kweli inauma?" Yeye siku ya kwanza, kabla ya kipimo chochote, alivuta kiti, akakaa, akaniuliza, "Inauma wapi?" Nikalia kwanza, kisha nikamwonyesha kwa kidole. Kesho ataingia mwingine kwenye mlango ule, ameshachoka kujieleza. Vuteni kiti, mmuulize hivyo hivyo.

Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.