Nilishuhudia Kabla ya Barua

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni kwa nguvu, maana mara ya mwisho niliposimama hapa mbele niliwadanganya.

Mnaikumbuka ile Jumapili. Nilisema nimepata makaratasi ya kuishi nchi hii. Mkapiga vigelegele, na akina mama wakanichangia sanduku zuri la bluu ili nikamsalimie mama yangu Kakamega, ambaye sijamwona miaka kumi na mmoja. Ndugu zangu, sikuwa nimepata kitu! Nilishuhudia kwa imani. Nilidhani nikitangulia kushukuru, Mungu ataona haya kuniangusha mbele za watu. Kana kwamba yeye ndiye anayeogopa macho ya watu!

Wiki ya tatu barua ikaja. Nimekataliwa, niondoke mimi na binti yangu Neema, mwenye miaka minane, aliyezaliwa hapa hapa Walthamstow. Wakili akaniambia nina siku kumi na nne za kukata rufaa, na kwamba anahitaji barua za watu wanaojua maisha yetu. "Kanisa lako likuandikie," akasema. Kanisa gani? Hili linaloamini nina makaratasi?

Nikaona heri niondoke kimya. Nikaomba fomu ya kurudi kwa hiari. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja: naacha haki yangu ya kukata rufaa. Nilikuwa tayari kumng'oa mtoto shuleni, ndugu zangu, ili tu nisione aibu mbele yenu. Neema akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama tutarudi kabla ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yake. Nikamwambia akunje nguo.

Jumamosi Mama Rebeka, huyu kiongozi wetu wa akina mama, akagonga mlango. Alipokuta sanduku liko wazi alifurahi mno! Akatoa sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe.

"Mpelekee mama. Asubuhi kwenu kuna baridi."

Akapiga magoti sakafuni, akaanza kunipangia nguo. Hapo nikavunjika. Nililia mpaka Neema akaja kunishika. Nikamweleza Mama Rebeka kila kitu, na ile fomu nikamtia mkononi.

Akaisoma mpaka mwisho. "Umetia sahihi?"

"Bado, mama."

"Siku zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Basi kalamu usiiguse. Jumatatu tunaenda kwa wakili. Na wewe, kwani sisi ni mahakama, utuogope hivyo?"

Akanifuta machozi kwa mkono wa ile sweta.

Ndugu zangu, siku hiyo ndiyo niliyofunguliwa! Rufaa ilikatwa zikiwa zimebaki siku mbili. Mama Rebeka alipowaeleza ukweli kwa niaba yangu, mliniandikia barua, hata wale niliodhani hawatanisalimia tena. Siku ya kesi mlijaza viti mpaka karani akauliza kama kuna harusi.

Uamuzi wa jaji haujatoka. Nawaona wengine mnataka kusema nimeshapata. Hapana, wapendwa. Leo nashuhudia lililotendeka tu: nilikuwa peke yangu na uongo wangu, Mungu akanipa watu. Asante Yesu! Na wewe uliyekaa hapo na barua umeificha mkobani, nione baada ya ibada. Mtegemee Bwana na ukweli wako wote, hatakutupa.

Sanduku liko juu ya kabati, na sweta ya mama imo ndani. Siku likishuka, iwe kwa furaha au kwa machozi, ninyi mtakuwa wa kwanza kujua.