Choo cha Mzee Senzia na Picha Zisizo Zangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba niseme tena, maana kuitikia kwenu kunanipa nguvu. Bwana asifiwe sana! Wazee wa kanisa, shikamooni. Akina mama, vijana wenzangu, nawasalimu.

Naitwa Elirehema. Wengi mnanijua kama fundi bomba, ninayekaa upande wa dirishani na mke wangu Naetwe. Nimeomba nafasi hii niwaambie jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo, na jinsi alivyomtumia mtu ambaye nilikuwa nimemsema vibaya mji mzima. Mtu huyo ni mwanamke, na ni Mwislamu. Nitamsifu humu kanisani, na mchungaji ameniruhusu.

Nilizaliwa Msangeni, nikashuka tambarare kutafuta maisha. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye shamba la mkonge, nikiangalia pampu na mabomba ya maji safi. Kazi ile naijua. Shamba lilipopunguza watu, nami nikapunguzwa. Nikaja hapa Same na begi la vifaa, nikaanza kutafuta kazi za majumbani. Ndugu zangu, siku zilikuwa ndefu! Nakaa kijiweni tangu asubuhi, upepo unanijaza vumbi, jioni narudi nyumbani sijashika hata spana. Naetwe ananitengea makande, haniulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Pale kijiweni kila mtu alikuwa na simu. Niliona mafundi wa miji mikubwa wakirusha picha za kazi zao mtandaoni na watu wakiwatafuta. Nami nikafungua ukurasa wangu. Shida ni kwamba sikuwa na cha kuonyesha. Basi nikachukua picha za watu wengine. Mabafu yenye marumaru nyeupe, vyoo vya ndani vinavyong'aa, masinki ambayo sijawahi hata kuyagusa. Chini yake nikaandika, "Kazi ya leo, Mungu ni mwema." Nililiweka jina la Mungu juu ya uongo, na wala sikuona haya.

Nanyi mkanipongeza. Baadhi yenu mliwatumia ndugu zenu picha zile. Naetwe aliwaonyesha wenzake wa kwaya, akajivuna kwamba hizo ni kazi za mume wake. Sikumwambia.

Wakati huohuo alikuwepo dada mmoja hapa mjini anaitwa Zaituni, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Hedaru. Yeye anazunguka majumbani kusafisha matanki ya maji na mifereji ya paa. Mnajua hali yetu ya maji hapa Same. Tunakinga, tunahifadhi, lakini ni wachache wanaopanda ngazi kuchungulia walichohifadhi. Zaituni alikuwa anajirekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuweka muziki, hakujipamba. Alisema yuko kwa nani kama mwenye nyumba ameruhusu, akaonyesha tope lililotoka chini ya tanki, akaonyesha mjusi aliyekufa humo, akaeleza kifuniko kiliachwaje wazi. Siku moja alisimulia jinsi ngazi yake ilivyopasua bomba la mteja. Akauonyesha ule ufa, akasema kosa ni lake na kesho analeta bomba jipya.

Nilicheka siku ile! Niliwaambia wenzangu kijiweni kwamba mwanamke huyu hajui biashara, anajianika mwenyewe. Lakini wateja walikuwa wanasubiri zamu kwake, na mimi nimekaa. Wivu ukanishika. Nikaanza kusema maneno juu ya heshima yake, jinsi anavyoingia nyumba za watu. Maneno hayo siwezi kuyarudia mahali hapa. Yalimfikia, najua yalimfikia.

Siku moja nikapigiwa simu kutoka Hedaru na mwalimu mstaafu, Mwalimu Elinaike. Mume wake, Mzee Senzia, alikuwa amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili umelegea. Choo chao kilikuwa nje, nyuma ya jiko. Kila mara Mwalimu alikuwa anamshika mkono kumpeleka, na mzee alikuwa ameshaanguka mara mbili. Alitaka choo cha ndani. Alikuwa ameona picha kwenye ukurasa wangu, akaniuliza kama naweza kumjengea kama kile. Ndugu zangu, sikuwahi kufunga choo cha ndani hata kimoja. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikamwambia, "Hiyo kwangu ni kazi ndogo, Mwalimu."

Nilifanya kazi siku nne. Juu kilipendeza, marumaru zimekaa sawa. Chini, bomba la maji taka nililaza kwa kukadiria kwa macho. Sikutumia pima maji kupata mteremko, na chemba, lile shimo la kukagulia bomba, sikuweka. Nikapiga picha, nikaaga, nikaondoka. Haikufika wiki mbili Mwalimu akanipigia kwamba maji yanarudi. Nikasema nitakuja. Akapiga tena, uchafu umepanda mpaka sakafuni. Nikasema nitakuja. Alipopiga mara ya tatu niliifunga namba yake isiweze kunipata. Halafu nikaja hapa siku ya ibada, nikaimba na nyinyi.

Mungu aliniona. Aliniona, lakini hakunipiga!

Mwezi mmoja baadaye Zaituni alikuja kijiweni, akaniomba tusogee pembeni. Nilijua amekuja kugombana kwa yale niliyoyasema. Akatoa simu yake, akanionyesha picha. Sakafu ya marumaru imebomolewa katikati kutafuta palipoziba, ndoo, matambara, na mlango uliofungwa kwa kamba ili mzee asiingie. Nilizitambua marumaru zangu. Zaituni alikuwa ameitwa pale kusafisha tanki. Mwalimu alimwonyesha, akamtajia jina langu, akamwomba alirushe mtandaoni ili watu wanijue. Na huyu dada, ndugu zangu, watu wanaomfuatilia ni wengi. Angeyarusha maneno mawili tu nisingepata kazi tena kati ya Hedaru na Mwanga.

Nikamuuliza anataka nini.

Akasema, "Mzee anapelekwa nje tena, na mvua zimeanza. Nataka ukamtengenezee choo chake. Picha hizi sijazirusha na sitazirusha. Nakutumia wewe kwenye simu yako. Ukitaka kuzifuta, zifute. Ukitaka kusimulia, simulia mwenyewe."

Nikasema, hata baada ya niliyokusema? Akanijibu kwamba hilo tutalizungumza siku nyingine, kwanza choo.

Nilirudi nyumbani jua bado liko juu. Naetwe alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia yote, kuanzia picha ya kwanza. Hakulia, hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, na mimi nimesimama palepale. Ndipo akasema, "Kesho nitakufungia chakula. Utakuwa na kazi nyingi." Niliingia chumbani nikapiga magoti. Sikuwa na maneno mazuri ya maombi. Nilisema, Bwana, nimedanganya, naogopa kwenda, nipeleke. Nawaambia kweli, hofu haikuondoka. Lakini asubuhi miguu ilikwenda.

Zaituni alinisubiri Hedaru, tukaingia pamoja. Nikasema shikamoo. Mzee Senzia alikuwa kwenye kiti chake, akahangaika na ulimi wake mpaka akaitoa ile marahaba. Mwalimu hakuitikia. Aliniambia, "Nilikupigia mpaka nikachoka. Mume wangu alikuwa ananiuliza kila siku, fundi amesemaje. Nikawa namdanganya kwamba uko safarini."

Hapo ndipo nilipovunjika. Uongo wangu ulikuwa umemfanya mama wa watu adanganye ili kunifunika! Nikapiga goti nikamwomba msamaha. Akasema msamaha utafuata, nianze kuchimba.

Nilinunua mabomba mapya mwenyewe. Nilimwita fundi mzee anayejua vyoo vya ndani, nikamwambia sijui, nifundishe. Tulichimba, tukapima kila hatua, tukaweka chemba. Ukutani nikafunga chuma cha kushikia, wazo lilikuwa la Mwalimu. Siku ya tatu tulimwaga maji ndoo baada ya ndoo, yakaenda, hayakurudi. Mwalimu akamwaga ndoo yake mwenyewe ili aamini.

Nikasema nataka kusimulia. Zaituni akanishikia simu. Nikaanza kwa sauti nzito ya matangazo, nikisema karibuni wateja wetu wapendwa. Akaizima. Akaniambia hiyo ni sauti ya redio, niongee kama nilivyoongea na Mwalimu juzi. Tukaanza upya. Nikasema jina langu, nikasema picha zote za nyuma kwenye ukurasa wangu si zangu na nimezifuta, na kwamba choo hiki nilikiharibu mimi, nikamkimbia mama huyu. Nikazionyesha zile picha za sakafu iliyobomolewa, halafu nikaonyesha bomba lilivyokuwa na tulivyolirekebisha. Mwalimu aliruhusu kwa sharti kwamba mume wake asionekane. Lakini mzee alikuwa anasikia. Akasema polepole, neno moja moja, "Mkono wangu. Onyesha mkono." Basi mwisho wa video ile mnaona mkono wa mzee umeshika kile chuma, umekishika kwa nguvu.

Msidhani dunia ilinikimbilia. Kijiweni walinicheka wiki nzima. Mteja mmoja aliyekuwa ameniahidi kazi aliniambia hataki tena. Nilikaa bila kazi siku nyingi, nikamwambia Naetwe labda nimejimaliza. Ndipo simu ikalia kutoka Kileo. Mama mmoja akauliza, "Wewe ndiye uliyeharibu choo cha yule mzee?" Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Akasema, "Basi njoo kwangu. Hawa wengine wote wanasema hawajawahi kuharibu kitu, nashindwa kuwaamini."

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Kutoka Kileo nikaitwa kwa jirani yake, kisha Mwanga, kisha nyumbani kwetu Msangeni, ambako bomba la chemchemi lilikuwa linavuja chini ya migomba. Kila kazi naisimulia. Nasema nilichokuta, nilichojua, nilichouliza kwa wengine. Mwenye nyumba akikataa kurekodiwa, simu inakaa mfukoni. Kuna siku bado najaribiwa kuifanya kazi ionekane kubwa kuliko ilivyo. Namwomba Mungu, napunguza maneno.

Nilimwendea dada Zaituni kumwomba msamaha kwa yale maneno, na nilikwenda kijiweni kuyafuta mbele ya watu walewale niliowaambia. Nilimwambia yeye ni malaika. Akacheka, akasema malaika hawaingii kwenye tope. Lakini mimi nimemtazama. Huyu mtu alikuwa na fimbo mkononi, na mgongo wangu ulikuwa wazi, na alikuwa na haki ya kupiga. Akaitumia siku yake ya kazi kunipeleka kwa niliyemkosea. Sijui wangapi kati yetu tuliomo humu tungefanya hivyo. Mimi nisingefanya.

Mzee Senzia ametutoka mwezi uliopita. Nilikwenda msibani Hedaru, nikakaa nyuma. Mwalimu Elinaike aliniona, akaja mwenyewe mpaka nilipokaa. Akaniambia kwamba mpaka wiki yake ya mwisho mzee alikuwa anaingia chooni peke yake na kuufunga mlango nyuma yake, na kwamba jambo hilo lilimpa heshima yake nyumbani kwake. Kisha akasema, "Elirehema, ule msamaha ulishafuata zamani. Nilisahau tu kukwambia."

Namshukuru Mungu aliyenisubiri. Namshukuru mke wangu. Nawaomba radhi ninyi nyote niliowafanya msambaze uongo wangu bila kujua. Na wewe uliyekaa hapo ukiogopa kwamba ukisema kweli utabaki huna kitu, nakusihi, mtumaini Bwana katika hilo. Usingoje mpaka hofu iishe. Mimi nilikwenda nikiwa naogopa, nikamkuta Bwana ametangulia Hedaru, ananingoja kwenye nyumba ya watu niliowakimbia. Mungu awabariki.