Historia ya Dada Yetu, Mshona Kadi za Harusi

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kusoma, na kwa kuwa shule yangu ni fupi, nikijikwaa mnivumilie.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Kadi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na kwa sababu baba alikuwa ameshatutoka hakuendelea, akapelekwa kwa fundi cherehani kukata vipimo vya nguo kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na huko ndiko alikoipenda karatasi kuliko kitambaa.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi seremala, Mungu akawajalia mtoto mmoja tu, binti, na seremala alipofariki tarehe 3 Machi 2001, dada aligeuza chumba cha mbele kuwa karakana, akawa analoweka karatasi chakavu kwenye beseni, anazitwanga, anazichuja kwa wavu wa dirisha na kuzianika, kisha anashonea juu yake kwa cherehani maua, majina na tarehe ya harusi. Hakuwa malaika, mdomo alikuwa nao, bibi harusi aliyechelewesha majina alisemwa mpaka akatoa machozi, lakini kadi ikitoka hapo haikutupwa, ilitundikwa ukutani.

Mwezi wa sita mwaka huu wa 2024 miguu ilianza kuvimba, na tarehe 2 Septemba daktari akamwambia figo zimechoka, alazwe siku hiyo hiyo, naye akajibu kwamba atarudi akimaliza kadi za harusi ya binti yake. Hapa niseme kweli mbele za Mungu, maana yako maneno yanapita huko nje kwamba binti ndiye aliyemmaliza mama yake. Binti alimpigia magoti aache, akasema atawaalika watu kwa ujumbe, dada akamjia juu, "Mtaa mzima nimewaozesha mimi, leo wewe uolewe na simu?" Sisi wadogo zake tulicheka, tukamwacha aendelee, kwa sababu na sisi tulizitaka zile kadi, na dhambi hiyo ni yetu, si ya mtoto.

Alilazwa tarehe 21 Oktoba, hawezi tena kukanyaga cherehani, kadi zimekwisha, zimeshonewa tarehe ya harusi, 16 Novemba. Binti alipolia harusi iahirishwe, dada alikataa, akasema uzi utafumuliwa lakini matundu ya sindano yatabaki kwenye karatasi, na kila mtu ataona tumebabaika. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, binti amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotupikia na kulala chini pamoja nasi, na mafundi wenzake mliofunga maduka.

Familia imekaa, ikakubaliana kwamba ndoa itafungwa Jumamosi hii, tarehe ile ile, bila muziki, na anayeona ni aibu atulaumu sisi, binti amwache. Kadi hatukuwa na moyo wa kuzigawa, ziko mezani pale mlangoni, kila mtu achukue yake akitoka.

Dada, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani ya Mungu.