Kila Mtu Kwao, Alisema Mwanangu

Zimeni hiyo redio. Dorca, acha mlango wazi kidogo, nataka kuziona nyuso zenu ninaposema. Ochieng, toka huko ulikosimama, njoo ukae hapa kwenye kigoda, karibu na mto wangu, kwa sababu mengi ya leo ni yako. Seline, nyamaza mama, sijafa bado. Nikifa utalia mpaka uchoke na hakuna atakayekukataza. Mama yenu aendelee kunipepea. Nasema Kiswahili kwa sababu ndicho tulichooana nacho, mimi na Nakhungu, yeye akiwa hajui Dholuo na mimi sijui Kisamia hata neno la kuombea maji, na ndicho nilichowalea nacho mjini Kisumu, kwa hiyo leo pia kitatutosha. Sikilizeni wanangu, msinikatize, pumzi niliyo nayo ni ya safari moja tu.

Daktari amesema moyo umechoka. Mmenificha, lakini nilimsikia. Aseme atakavyo, moyo wangu haukuchoka, ulishtuka. Ulikuwa mzima Jumamosi asubuhi nilipovaa koti langu la kijivu, nililolishona kwa mkono wangu mwenyewe, na kumwambia mama yenu, harakisha, tutakosa viti vya mbele, leo mwanao anahutubia. Nilitembea mpaka uwanja wa soko bila fimbo! Watu wakanisalimia njia nzima, Baba Mbunge, Baba Mbunge, na mimi, mzee mzima wa miaka sabini, nikawa natabasamu kama bwana harusi. Wakatukalisha mbele. Ochieng akapanda jukwaani, wakili wangu, mtoto wa fundi cherehani, akashika kipaza sauti, na uwanja wote ukatulia.

Mlianza vizuri, wewe na maneno yako. Ulisema ukiingia bungeni kazi yako ya kwanza itakuwa kufuta marekebisho ya katiba. Nikapiga makofi. Nani asingepiga? Ni wewe uliyenifundisha mambo hayo. Mwaka wa themanini na mbili walipoandika kwamba chama kitakuwa kimoja tu, ulikuja hapa na gazeti mkononi ukanisomea neno kwa neno. Walipowaondolea majaji ulinzi wa kazi zao ulikaa katika nyumba hii siku mbili hujala, mpaka mama yako akadhani umefiwa na mtu mjini. Na Desemba ya mwaka jana, kile kifungu cha chama kimoja kilipofutwa, si nilicheza hapo uani na nyonga yangu mbovu? Mliniona. Kwa hiyo mtu asije kusema kwamba Mzee Dishon alikufa akiwa mtu wa serikali, au kwamba hakuelewa kitu. Nilielewa sana.

Halafu ukasema utafuta yote. Yote, tangu uhuru, bila kuacha hata moja. Ukasema katiba ya uhuru ilikuwa nguo mpya na wenzetu wameijaza viraka. Nikajisemea, polepole mwanangu, mimi nimeshona miaka hamsini, viraka vingine ndivyo vinavyomsitiri mtu matako. Lakini nikaacha, nikadhani ni maneno ya jukwaa. Ndipo ukasema kwamba tukirudi kwenye ile katiba ya kwanza yatarudi majimbo, na majimbo yakirudi, ardhi ya ziwa itakuwa ya watu wa ziwa, na kila mtu ataenda kwao. Kila mtu kwao! Ulisema mara tatu, na kila mara wakapiga makelele zaidi. Mwaka huu, Ochieng? Mwaka huu ambao tumewaona watu wakishuka kutoka Sondu na Muhoroni na magodoro kichwani, nyumba zao zikifuka moshi nyuma, kwa sababu ya watu waliosema maneno hayohayo? Nilidhani masikio yangu yameharibika. Nikamgeukia mama yenu, na hapo mwanamke mmoja nyuma yetu alikuwa amemgusa begani, akimwuliza, mama, na wewe Samia unaenda siku gani? Wakacheka. Mama yenu naye akacheka. Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini na moja, kicheko chake nakijua, na kile hakikuwa chake.

Hata hilo ningelimeza. Ningekuita nyumbani nikakugombeza, ungeniomba msamaha na mama yako, yangekwisha. Lakini uwanja ulikuwa umekupandisha kichwa, ukaongeza. Ukasema hata hapa kwetu Asembo wapo jodak, watu waliopewa tu mahali pa kukaa na babu zetu, sasa wamejisahau wanajiita wenyeji, nao wafunge virago warudi walikotoka. Yawa! Nilikufa ganzi kuanzia miguuni. Makofi yale sijayasikia tangu siku ya uhuru. Na katika makofi yale mimi nilimtazama mtu mmoja tu, Absalom, jirani yetu, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa jukwaa. Hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama. Kisha akainama, akawa anatazama viatu vyake. Nikasimama ili nitoke, na hapo ndipo mliniona naanguka.

Sasa nawaambia kwa nini nilianguka, na mama yenu asinizuie. Aa-aa, Nakhungu, niache, tumeficha vya kutosha.

Jadak ni mimi.

Msinitazame hivyo. Mimi ni jadak, mmoja wa hao jodak, na baba yangu Oduor alikuwa jadak, na ninyi watatu ni watoto wa jadak. Baba alifika hapa mwaka wa njaa, kabla sijazaliwa, mke wake mgonjwa mgongoni, hana kitu mkononi zaidi ya jembe. Alisimama kwenye lango la baba yake Absalom. Yule mzee hakumwuliza wewe ni wa nani wala unakwenda wapi. Alimwambia, kaa pale chini, karibu na kijito. Pale chini ndipo hapa tulipo. Mnajua kwa nini kila mwaka nilikataa tusipande mpaka Absalom apande kwanza, hata mvua ikinyesha wiki nzima na mama yenu akinung'unika? Niliwaambia Absalom anazijua mvua. Uongo mtupu. Absalom hajui mvua zaidi ya kuku. Jadak hapandi kabla ya mwenye ardhi. Na wewe Ochieng, hati ya shamba umeniuliza mara tatu, kwamba unataka kujenga nyumba ya kudumu, mara nikakwambia iko sandukuni, mara panya wameila, mara iko kwa wakili mwingine, ukakasirika kwamba simwamini mwanangu. Hakuna hati, baba. Hati iko kwa Absalom, kwa jina lake, na wapimaji walipokuja hakuna aliyesema kitu, kwa sababu baina yake na mimi haikuhitaji kusemwa.

Kwa nini sikuwaambia? Aibu tu. Hakuna sababu nyingine, na msiitafute. Nilitaka mtembee kifua mbele kama watoto wa watu wengine. Shuleni waliwauliza ukoo wenu, mkataja wa Absalom, na Absalom aliwasikia mkiutaja hata huku likizoni na hakuwasahihisha hata siku moja. Nikaona mambo yamekaa sawa. Nikakulea wewe, Ochieng, ukadhani ardhi hii ilichipuka na jina lako, na kwa sababu hiyo ukapata mdomo wa kuwafukuza wengine. Kosa hilo ni langu kabla halijawa lako. Nisamehe, mwanangu. Ndiyo, mimi nakuomba wewe msamaha, usishangae. Lakini usidhani umepona.

Kwa sababu maneno yale si mageni kwangu. Nilishona kwenye baraza ya duka la Laxmidas miaka ishirini na mitatu. Mlilishwa na baraza ile. Alipokataliwa leseni, wakati ule wa kuambiwa Wahindi waende kwao, nilimsaidia kufunga vitambaa. Mkewe Lata alikuwa anafagia duka. Duka limefungwa, halitafunguliwa tena, na yeye anafagia! Laxmidas akaniuliza, Dishon, wewe unajua kwetu ni wapi? Mimi nimezaliwa hapo nyuma ya soko. Nikamwambia sijui, bwana. Nikarudi nyumbani nikala vizuri, nikalala vizuri, nikijiambia hayo ni mambo ya Wahindi. Mungu anisamehe, sikuona kwamba alikuwa ananiuliza swali langu mwenyewe.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Jumapili asubuhi, ninyi mkiwa kanisani, Absalom alikuja. Mama yenu alimpa uji, akaunywa wote, akaweka kikombe chini. Akaniambia, Dishon, sikuja kwa ugomvi, kijana anajua? Nikamwambia, hajui. Akasema, basi mwambie wewe, mimi sitamwambia. Kama hakujua, mimi nimeshamsamehe, ni mtoto. Lakini kama atajua na Jumamosi ijayo asimame pale aseme tena… Hakumaliza. Alichukua kofia yake akaenda. Kwa hiyo, Ochieng, mpaka leo asubuhi ulikuwa mtu asiyejua. Nimekuondolea hilo sasa hivi. Na Jumamosi kipaza sauti kitakuwa mkononi mwako tena, na wale wanaokuzunguka wanataka uyarudie, maana yanaleta kura, hilo najua, niliyasikia makofi. Futa vifungu vinavyowanyima watu sauti, vifute, nitakuunga mkono hata nikiwa kaburini. Lakini usirudishe mstari wa kuwapanga watu huyu wa huku na yule wa kule. Ukiurudisha utaanza na mama yako, kisha wewe mwenyewe.

Vitu vyangu ni vichache. Cherehani ni ya Dorca, pamoja na mkasi mkubwa, na asimwazimishe mtu mkasi huo, hasa Seline, anakatia karatasi. Seline achukue ng'ombe mwekundu. Nakhungu abaki katika nyumba hii mpaka siku atakapotaka mwenyewe kuondoka, na mtu akimwambia habari za Samia, Dorca, wewe una mdomo, mjibu. Koti la kijivu nizikeni nalo. Kwenye matanga yangu mtu asipande juu ya meza kuomba kura. Awe wa chama chako, awe wa chama cha rais, mshusheni.

Lakini ni wapi mtanizika? Hapo ndipo nilipotaka kufika, na pumzi inaisha. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitembea peke yangu mpaka kwa baba yake Absalom, nikasimama nje ya lango, sikuingia, nikaomba mahali pa kumzika baba. Hivyo ndivyo jadak hufanya. Yule mzee akaja na mimi, akaonyesha kwa fimbo, akasema hapa. Mimi pia siwezi kulala chini bila kuombewa mahali. Na sitaki aende Dorca, wala mama yenu, wala mzee wa kanisa. Uende wewe, mgombea. Uende sasa. Najua si desturi kumwombea kaburi mtu anayepumua, najua, usinifundishe desturi; lakini nikingoja nife utatuma mtu, nakujua.

Gari liache. Vijana wako wa bendera waache hapo nje. Usiingie kwake, simama langoni mpaka akuite. Sema jina lako, sema langu, sema la baba yangu Oduor. Halafu mwambie, baba, mimi ni jadak wako, naomba mahali pa kumzika mzee wangu. Uyaseme hivyohivyo. Usiyapambe kwa sheria.

Unauliza akikataa? Akikataa… sijui mtanipeleka wapi. Baba yangu hakuniambia tulikotoka. Nilimwuliza, akasema tumekwisha fika. Ndicho kilichoniangusha pale uwanjani, mwanangu. Ulisema kila mtu kwao, nami kama mtu mzima mtiifu nikaanza kutafuta kwetu ni wapi… nikatafuta, nikakosa.

Nenda. Usilie hapa, utachelewa.

Dorca. Ametoka? … Amepita mlango gani? … Sisikii gari. Anakwenda kwa miguu? … Haya. Haya, vizuri. Nakhungu, nipe mkono, huo mwingine, huu siusikii tena. Seline, sogea. Mungu awape maisha marefu kuliko yangu, na siku mkichoka njiani awape mlango wa mtu asiyeuliza maswali mengi. Na mtu akisimama langoni kwenu… msimwulize. Mmesikia? … Mpeni mahali.

Nataka kulala kidogo. Ochieng akirudi, mniamshe. Nataka kujua Absalom amesema nini. Hata kama mnaona… hata kama nimelala sana, Dorca. Mniamshe.