Sentensi Moja ya Bi Maswali Kuhusu Vita

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana tangu Jumapili sina nguvu ya kuyapamba.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi bomba na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na jina la Bi Maswali alipewa na mama kabla hajaanza shule, siku alipomuuliza mgeni wa heshima mbele ya watu kwa nini anasema ameshiba na bado anakula. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1987, kisha akasomea kompyuta chuoni hadi Novemba 1991, na tarehe 1 Juni 1992 akaajiriwa na idara ya maji ya mji, katika ofisi ya ghorofa ya pili yenye dirisha linalotazama matangi.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa binti ambaye leo ni mkunga na mwana ambaye ni fundi umeme, na shemeji alikuwa akituchekesha kwa kusema kwamba mke wake ameolewa mara mbili, na huyo mume mwenzake ni pampu.

Hakuwa anatania sana, kwa sababu mwaka 2006 dada alianza kuandika Mfereji, programu ya kuongoza pampu na kupima dawa ya kusafishia maji, akaitoa iwe huria, yaani yeyote aichukue bure, aifungue, airekebishe, na marekebisho yake yawafae wote, ikaenea hadi miji ambayo sisi hatuwezi kuitamka. Aliyemsaidia kuliko wote alikuwa mhandisi wa nchi ya mbali, ambaye dada alimwita Pacha kwa vile kila mara waligundua kosa lile lile kwa wakati mmoja, na ingawa hawakuwahi kushikana mikono, watoto walikua wakimwita Mjomba Pacha, na sauti yake kutoka kwenye kompyuta jikoni kwao ilikuwa ya kawaida kama ya redio.

Mei 2021 nchi ya Pacha ilivamiwa na jirani yake, na Pacha akaomba ukurasa wa Mfereji umtaje aliyeanza vita na kuulaani uvamizi huo, naye dada, ambaye alijua kwamba waliojitolea kuijenga programu ile walitoka pande zote mbili, akamjibu, "Pacha, maji hayana uraia." Binti yake alikuwa akimenya viazi pale mezani, na anasema Mjomba Pacha alijibu polepole, "Ni kweli, maji hayana. Lakini bomu lililoangukia tangi letu lilikuwa na bendera." Dada alifunga kompyuta, akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Penye wengi pana mengi, wengine walisema programu ni chombo tu na chombo hakina chama, wengine wakasema kunyamaza nako ni kuchagua upande, na katika mabishano hayo dada aligundua kwamba Pacha ameingiza ndani ya Mfereji amri ya kuzima pampu zote katika miji ya nchi iliyomvamia. Aliitoa kabla haijasambaa, akamnyang'anya Pacha ruhusa ya kuigusa programu, na mchana ule ule akaandika juu ya ukurasa sentensi moja, iliyosema kwamba vita hivi ni dhuluma, ikamtaja aliyevianzisha kwa jina, ikaongeza kwamba pampu hazitazimwa popote.

Hakuna aliyeridhika. Pacha alimwandikia, "Umewalinda wao, mimi umenipa maneno," na hakuandika tena, na mhandisi mwanamke wa ile nchi nyingine, ambaye jina lake lilikuwa kwenye ukurasa ule ule, alihojiwa na polisi, akaomba jina lifutwe, likafutwa, hakusikika tena. Idara nayo ilimtaka dada aiondoe sentensi au aondoke yeye, akaondoka tarehe 30 Septemba 2021, na shemeji alipomuuliza kama anajuta alisema, "Sijui, mume wangu. Ningenyamaza pia nisingejua." Tangu hapo yule Bi Maswali hakuuliza sana.

Figo zake zilianza kusumbua Februari 2023, akawa anasafishwa damu hospitalini huku akiendelea kurekebisha Mfereji kwa mkono mmoja, hadi asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, alipofariki, binti yake akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mirija.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, ambao mmekuja leo ingawa hamkuagizwa. Tunawashukuru pia wale wa Mfereji waliotuandikia kutoka nchi zote mbili zinazopigana. Taarifa ya msiba tulimpelekea Pacha siku ile ile, na hadi tunatoka nyumbani hakuwa amejibu, nasi hatujui kama ni hasira, au ni mtandao, au ni lile jingine ambalo shemeji ameomba nisilitamke hapa.

Dada, umechoka. Pumzika kwa amani.