Kifua cha Mwalimu Sikiliza

Ndugu, jamaa na marafiki, tumekutana kumsindikiza baba yetu. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Sikiliza, nasi watoto tulimwita hivyo akiwa hayupo karibu. Ninayesoma ni binti yake wa kwanza, fundi cherehani. Mdogo wangu alikuwa ameandaa wasifu mzuri wa nusu ukurasa, unaosema marehemu hakuwahi kukosana na mtu. Nimeuweka kando. Marehemu mwenyewe aliacha maagizo ya kitakachosomwa leo, na alijua fika nani atalazimika kukisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa fundi mitambo na mama yake mkunga. Bibi alisema alizaliwa akibisha. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza sekondari mwaka 1971, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu Novemba 1974. Alifaulu kila somo isipokuwa usafi wa wodi, na mpaka anafariki alidai msahihishaji ndiye aliyekosea.

Alifanya kazi wodini miaka kumi na moja, na mwaka 1985 akarudi chuoni kufundisha. Darasa lake lilikuwa ghorofa ya pili, lenye vitanda vinne na dirisha lisilofungika. Humo alifundisha kupima mzunguko wa damu: mapigo ya mkono yashikwe kwa vidole viwili, kamwe si kwa gumba, maana gumba lina mapigo yake na litakudanganya, ukucha ubonyezwe, kisha uhesabu sekunde mpaka wekundu urudi. Akifundisha mishipa ya fahamu, alipanga wanafunzi safu mbili, wameshikana mikono. Wa kwanza akiminya, wa pili naye anaminya, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Hapo aliacha mwanya, na wa mwisho alirusha kipande cha chaki kwa wa kwanza wa safu ya pili. "Seli hazigusani," alikuwa akisema. "Umeme ukifika ukingoni, ni kemikali inayovuka. Isipovuka, hata ubongo upige makelele, kidole hakisogei." Nyumbani nasi tulipangwa vivyo hivyo, kutoka jikoni hadi sebuleni, chakula kikipoa mezani.

Kwa somo la moyo alitumia kifua chake mwenyewe. Alivua shati, akalala kitandani, na kila mwanafunzi akasikiliza sehemu nne kwa kipimo cha masikioni. "Huu ndio moyo wa kawaida," aliwaambia. "Ukiujua huu, uliougua hautakupita." Vizazi thelathini vya wauguzi vimejifunzia kifua hicho.

Alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa karani wa posta, tarehe 9 Juni 1979. "Alinishika mkono, nikajua leo ndiyo leo," mama husimulia. "Kumbe mwenzangu anatazama saa! Akaniambia, 'Mia moja na nne. Unanipenda, au una homa?'" Walijaliwa watoto watatu, na wote watatu tulipimwa mapigo kila tuliposema tunaumwa siku ya shule.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa mnivumilie, maana hasira haijaniisha. Marehemu alistaafu mwaka 2013 akakataa kuondoka, chuo kikampa mkataba. Tarehe 12 Mei 2015 alitoa mtihani wa moyo kwa wanafunzi thelathini na mmoja. Thelathini waliandika "kawaida". Baadaye wengi walikiri kwamba walisikia kitu, lakini nani angeandika kuwa kifua cha mwalimu kina kasoro? Mmoja tu, binti mkimya, aliandika kwamba kuna mvumo kati ya sauti ya kwanza na ya pili ya moyo, na unapanda hadi shingoni. Marehemu alimpa sifuri mbele ya darasa zima, akaandika pembeni: "Umesikia shati." Shati lilikuwa limetundikwa mlangoni! Binti akarudia mtihani, akaandika vilevile, akapata sifuri ya pili, na mwaka akaurudia.

Marehemu alipokuja kulalamika nyumbani, nilimwambia, "Baba, si ujisikilize tu?"

"Kifua hiki nimekaa nacho miaka sitini na mbili," akanijibu. "Wewe kashone."

Mwaka 2017 akaanza kusimama katikati ya ngazi, akisingizia kwamba anatazama rangi ya ukuta. Agosti 2018 alianguka kwenye ngazi hizo. Daktari alimsikiliza dakika moja, akatuambia vali ya kutolea damu imekakamaa na moyo umechoka. "Mngemleta miaka mitatu iliyopita tungeibadilisha," alisema. Miaka mitatu!

Januari mwaka huu nilikuwa nampunguzia suruali kiunoni, akaniambia, "Siku ile ya mtihani nilifunga mlango wa ofisi nikajisikiliza. Nikausikia."

"Na sifuri ukaiacha?"

"Niliogopa, mwanangu."

Niliweka mkasi chini. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga. La baba lilisikia, likanyamaza. Na kilichomkera si vali, ni yule binti. Alihitimu, lakini aliomba apangiwe dirisha la kadi, kuandikisha wagonjwa tu, kwa sababu hayaamini tena masikio yake. Tulimwita. Alikuja na machungwa, na baba akamwuliza habari za mvua saa nzima. Tukamwita tena, baba akamsifia viatu. Neno lilifika ukingoni mwa ulimi likagoma kuvuka. "Mwambie wewe," akaniomba. Nikamjibu, "Baba, mdomo unao!" Hatimaye akasema sifuri aliitoa hadharani, basi na ifutwe hadharani, hata kama yeye atakuwa ndani ya sanduku. Nilikubali nikiwa nimefura kwa hasira, na bado nimefura.

Marehemu alifariki tarehe 3 Machi 2019, saa nane na dakika kumi mchana, katika wodi aliyoanzia kazi, siku kumi na moja kabla ya kutimiza miaka sitini na sita. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Dada wa dirisha la kadi, nilikuomba uje leo bila kukueleza kwa nini. Karatasi yako ya mtihani ninayo hapa. Marehemu ameikata ile sifuri na kuandika kumi kwa kumi. Chini yake ameandika: "Ulisikia sawasawa. Mimi pia nilisikia. Nisamehe." Njoo uichukue mbele ya watu wote hawa, kisha kesho urudi wodini, wagonjwa wanayahitaji masikio yako.

Baba, nimesoma. Sasa lala salama.