Bonaventura na Ndugu Yake wa Ng'ambo

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, ndugu, majirani wa Kasingirima na Gungu, na ninyi mliovuka ziwa jana kuja kuzika pamoja nasi, naitwa Kalisti Elikana, kaka wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo nisingekubali aifanye mtu mwingine.

Bonaventura Elikana alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Kasingirima, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Elikana na marehemu mama yetu Marsiana, ambaye Mungu alimjalia watoto wawili tu, mimi na yeye, na naomba mlishike hilo la wawili kwa sababu nitalirudia. Alisoma shule ya msingi hapa Ujiji kuanzia mwaka 1971 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1977, na darasani nilimzidi, ila ziwani hakunipa nafasi.

Mwaka 1979 alianza ubaharia kwenye maboti ya mizigo, akipeleka chumvi, sabuni na saruji ng'ambo ya ziwa, nchi jirani, na kurudi na mafuta ya mawese, na mwaka 1990 akawa nahodha. Mimi nilikuwa askari wa doria ziwani, nina sare na bunduki ya serikali, na sheria ilinitaka nigeuze boti mpakani, katikati ya maji, wakati mdogo wangu mwenye kandambili na koti la mvua alinipungia mkono akapita.

Wengi wenu mnakumbuka upande ule ulivyoharibika, serikali ya kule ikatoweka kwenye vijiji vya ufukweni, kila kijiji kikawa na wenye bunduki wake, na ubaya huo haukubaki kwao, ukatufikia huku, mashine za maboti zikaporwa, wavuvi wetu wa dagaa wakatekwa taa zao zikiwa bado zinawaka majini. Mwezi Septemba 1998 mashine ya Bonaventura ilizimika, upepo ukamsukuma hadi mikononi mwa watu hao, wakamuuliza nani anamjua pale, na mvuvi mmoja aitwaye Jeremia, ambaye wakubwa wao walimsikiliza kwa kuwa alishawalisha walipokuwa hawana kitu, akajibu kwamba huyu ni ndugu yake. Ulikuwa uongo mtupu, na ili usiendelee kuwa uongo wakachanjiana mbele ya watu wale, kila mmoja chale moja kifuani, wakala ini la mbuzi lililopakwa damu zao, na tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa marehemu kwenye ufukwe ule.

Huyo Jeremia nilimwonea wivu, na ninaposimama hapa bado namwonea. Marehemu alifunga ndoa takatifu na Scola tarehe 7 Oktoba 1989, wakapata mabinti watatu, na alipozaliwa mtoto wa kiume mwaka 1999 nilinunua mwenyewe nguo za ubatizo nikijua atabeba jina langu, nikafika kanisani nikasikia anaitwa Jeremia. Kila Krismasi mawese ya Jeremia yalivuka ziwa, nikakataa kuyala, shemeji Scola ni shahidi, na mwaka nilioonja nilichukia zaidi kwa sababu yalikuwa mazuri kweli.

Tarehe 9 Agosti 2016 mwanangu Bariki alitekwa akivua dagaa na wenzake wanne, nikaandika taarifa, wakubwa wangu wakawaandikia wakubwa wao, na mpaka wa ziwani ukabaki palepale, lakini Bonaventura alivuka na gunia la chumvi, akaenda kukaa barazani kwa Jeremia, na Jumapili iliyofuata akawarudisha wote watano. Waliposhuka pale bandarini Kibirizi, mwanangu alimkumbatia baba yake mdogo kwanza, halafu mimi.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019, akakatwa mguu mwaka 2022, na mwezi Aprili mwaka huu figo zikashindwa, akalazwa hapa Kigoma hadi alipofariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji, na kila nilipomwinua aliniuliza kama Jeremia amefika.

Amefika jana, anayo chale kifuani, amelia kuliko mimi, na leo asubuhi alinishika mkono akaniambia kwamba kiapo chao hakifi ikiwa ndugu wa tumbo moja atasimama mbele ya waombolezaji na kumtaja yeye kuwa ndugu, na kwamba vijana wawili aliokuja nao watarudi kuwaeleza wale wenye bunduki neno walilosikia hapa. Nilimwachia mkono nikaja kuchukua karatasi hii. Tangu Mei vijana watatu wa mtaa huu wako mikononi mwa watu hao, marehemu alikuwa kitandani hakuweza kuwafuata, kiapo kile kikifa hakuna mwingine wa huku atakayevuka kuwaomba, na mama zao wamekaa pale nyuma ya jeneza, nami nimewaona wananitazama tangu nianze kusoma.

Basi nasoma. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu saba, na ndugu. Karatasi hii niliiandika mwenyewe na imeandikwa ndugu mmoja, lakini ninyi mliotoka ng'ambo sikieni vizuri, ameacha ndugu wawili, Kalisti na Jeremia, na Jeremia atashuka nami kaburini kulipokea jeneza, yeye upande wa kichwa. Chale tutachanjiana tukirudi msibani, na mbuzi ni wangu.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, manahodha na mabaharia wenzake wa Kibirizi, pamoja na Baba Paroko.

Bona, mdogo wangu, pumzika kwa amani, na ukimkuta mama mwambie sasa ana watoto watatu, lakini usiache kumwambia kwamba huyu wa tatu nimemtaja mimi.